Maharagwe Niliyoyaita Makosa

Nakumbuka asubuhi moja kule Embu, mwanangu, nilipotamani ardhi inimeze. Nilikuwa msichana kutoka kijiji cha Muthara, nimeajiriwa kwenye shamba la utafiti wa maharagwe, na kiburi cha kazi mpya kilinijaa tele.

Tulikuwa tumechavusha haragwe jeusi, linalostahimili ugonjwa wa kuoza mizizi, kwa chavua ya jekundu, linalopendwa sokoni lakini hufa upesi. Katika wajukuu wao, karibu mimea yote iliyozaa nyeusi ilisimama, na iliyozaa nyekundu ikanyauka. Kila mmea ulikuwa na bahasha yake ya mbegu. Lakini bahasha chache zilikataa kufuata mpango huo: nyekundu zilizopona, nyeusi zilizougua. Nami nililelewa kuchambua mbegu kwenye ungo, ile ngeni naipeleka chunguni. Nikaona hayo ni makosa ya kuchanganya tu. Nikayamwaga yote kwenye mfuko mmoja, nikampa mama mwenye nyumba niliyopanga achemshe githeri pamoja na mahindi. Daftari likawa safi, nikajisifu.

Kesho yake Madam Karimi, mkuu wetu, mama asiyepaza sauti, akapekua rafu.

"Zile hazifanani na zingine ziko wapi?"

"Nilizitoa, Madam. Zilikuwa zinaharibu hesabu."

Akaketi polepole. "Ile rangi nyeusi na ule ustahimilivu ni majirani kwa kromosomu moja, ndiyo maana zinarithiwa pamoja. Lakini kromosomu wakati mwingine zinabadilishana vipande, majirani wanaachana. Wakikaa mbali wanaachana sana, wakikaa karibu ni mara chache. Kuhesabu hao walioachana ndiko kunatuchorea ramani ya nani anakaa karibu na nani. Na nyekundu iliyopona ndiyo tumetafuta miaka yote. Umeipeleka wapi?"

Nilikimbia nyumbani, mwanangu. Njiani nilimwomba Mungu jiko liwe limezimika. Nikakuta chungu kinatokota. Nikalia.

"Mwari, unalilia githeri?" mama mwenye nyumba akaniuliza, akafungua fundo la leso yake. "Hizi nyekundu nimeweka. Zimejaa vizuri, na mbegu nzuri haipikwi. Nilitaka kupanda hapo nyuma."

Punje tisa. Nilizirudisha kwa Madam, lakini nyeusi zote zilikuwa chunguni. Ramani tuliianza upya msimu mzima kwa sababu yangu, na Madam akanipa mimi kazi ya kuhesabu, mmea kwa mmea. Kwa kweli nilistahili.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Wewe unayeanza kazi ya maabara wiki hii, kisicholingana na ulichotarajia usikifute. Kiandike kwanza, kisha ukiulize kimetoka wapi. Na ukikosea, sema kabla chungu hakijatokota.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe macho ya yule mama, uone mbegu pale wenzako wanapoona chakula tu.