Maji ya Kupigwa Picha

Pale ninapouzia unga wa mihogo, kwenye soko la Baraka, jirani yangu ni fundi wa viatu mwenye redio. Asubuhi moja, miezi michache iliyopita, wanasiasa walikuwa wanabishana redioni juu ya deni la nchi. Mmoja alisema limepanda kwa sababu serikali inatumia zaidi kuliko inavyopata. Mwenzake akajibu kwamba vita ndivyo vinavyokula pesa, na kwamba mikopo mingine imeleta barabara, shule na maji. Akaanza kutaja miji iliyopata maji. Akataja Baraka.

Wanaume waliokaa kwenye benchi la fundi walicheka sana.

"Maji ya Baraka! Ilipita wapi? Mi sikuiona," mmoja akasema.

"We nyamaza," fundi akamwambia. "Deni ya soli zako hujanilipa, sasa unashika ya taifa?"

"Ya soli nitalipa. Ile ingine sikukula mimi."

"Umekula. Sisi wote tumekula, ndivyo banasema. Sikiliza."

Mtu wa upinzani alikuwa amepewa zamu ya kusema. Alisema deni hilo liko juu ya kila Mkongomani, kwamba hata mtoto aliye bado tumboni mwa mama yake tayari ana fungu lake.

Benchi zima likacheka tena. Mimi nilifunga unga wangu, nikaupandisha kichwani na kurudi nyumbani kabla ya saa nne. Mama mmoja wa pale aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Mtoto wa tumboni waliyekuwa wakimsema, mimi nilimjua. Alikuwa wa mdogo wangu.

Juu ya mtaa wetu kuna kilima kidogo. Hapo walijenga tangi la saruji, wakalipaka rangi ya buluu, kisha wakateremsha bomba mpaka kwenye robine nne za kuchotea maji kando ya barabara. Tuliambiwa pesa zimetoka kwenye mkopo ambao serikali ilichukua nje. Hatukuuliza mengi. Sisi hapa tunakunywa ziwa, na kipindupindu kinapita kila mwaka kama mgeni anayejua njia. Aliyetuletea robine tulimshukuru, awe amekopa au hakukopa. Kilichobaki ilikuwa mashine ya kuvuta maji mpaka kwenye tangi. Hiyo ilisemwa iko njiani. Ilikaa njiani miezi mingi, halafu tukaambiwa wakubwa wanakuja Ijumaa kufungua maji.

Alhamisi asubuhi shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, alituita sisi wanawake. Alikuwa pamoja na mkubwa wa wajenzi, mtu aliyetoka mbali, na mtu huyo hakutuficha kitu.

"Bamama, bakubwa bakikosa kuona maji inatoka, sehemu ya pili ya mukopo haitoki. Isipotoka, mashine haiji. Munataka mashine ao hamutaki?"

"Tunataka."

"Basi tangi ipate maji. Hata kidogo, ya kutosha siku moja."

"Itoke wapi?" mmoja akauliza. Yule mtu akageuza kichwa, akaangalia ziwa.

"Ee!" jirani yangu akapiga makofi. "Leo ziwa inapanda mulima!"

"Na miguu yako, mama. Lete bidoni."

Mimi niliuliza kuhusu dawa. Naandika hilo kwa sababu ni kweli, si kwa kujitetea. Niliuliza, "Na dawa ya maji?" Akanijibu, "Dawa ya nini, mama? Hii ni maji ya kupigwa picha, si ya kunywa. Tukimaliza tunafunga."

Kila atakayebeba aliahidiwa kikwembe kipya, kitambaa cha kujifunga. Tukabeba. Tulichota pale ufukweni zinapofikia boti za Kazimia na samaki zao, mahali ambapo watu wanaosha sufuria na watoto wanaoga. Nilipanda kilima mara tisa. Wanaume walikuwa kwenye ngazi, wanapokea bidoni, madumu yetu ya plastiki, na kumimina. Ningependa kusema kwamba moyo wangu ulinikataza, lakini haukunikataza. Ilikuwa siku nzuri. Tulitaniana juu ya nani amezeeka na nani anajifanya kulemewa ili apumzike, na nilirudi nyumbani na maumivu ya shingo na kikwembe chenye picha za robine.

Ijumaa wakubwa walikuja na magari. Walichelewa, jua likatupiga. Mmoja alisema, "Bamama ba Baraka, inchi imekopa kwa sababu yenu." Tukapiga vigelegele. Akafungua robine, maji yakatoka, safi kabisa kwa macho, na kamera zikayafuata yakianguka kwenye beseni. Tulicheza. Mimi niliwekwa mstari wa mbele kwa kuwa ni mrefu. Halafu yule mkubwa wa wajenzi akaingia katika gari moja pamoja nao, akaondoka. Hatukumwona tena. Robine hakuna aliyezifunga.

Kesho yake maji yalikuwa bado yanatoka, membamba. Shefu alipita kwetu tuliobeba. "Musikunywe," alisema. "Lakini musiimbe sana. Batu batatucheka, na mashine haitakuja." Basi sisi hatukunywa, na hatukuimba. Wengine, wasiojua, walipanga bidoni zao kwenye foleni.

Jumamosi hiyo hiyo mdogo wangu alifika. Alikuwa anakaa Lulimba na mume wake. Walilima, na mume mara nyingine alishuka kwenye mashimo ya dhahabu. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Ya kwanza ilikufa siku ya kuzaliwa kwa kukosa hospitali karibu, kwa hiyo shemeji yangu safari hii aliuza mahindi yake mapema, akalipa pikipiki, akamtuma aje kungojea kwangu. Njiani alilala kwa mama yetu, Fizi. Alipofika mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi nilimkuta amekaa mlangoni, miguu imevimba, bidoni yangu imejaa pembeni yake.

"Yaya!" Ndivyo alivyoniita, mimi mkubwa wake. "Kumbe ni kweli! Tulisikia kwa redio kwamba maji inakuja, mume wangu akasema ni siasa. Nimekunywa maji ya serikali, yaya. Iko baridi, haina hata harufu ya samaki."

"Umeichota mwenyewe na tumbo hilo?"

"Robine iko pale tu! Ulitaka niikalie nikiiangalia?"

Nilikuwa nimevaa kile kikwembe. Alikishika pindo, akageuza, akasifu. Jirani alikuwa amemwambia nilicheza mbele. "Yaya wangu alichezea bakubwa," alisema, "na sisi kule Lulimba hatuna hata mukubwa mumoja wa kumuchezea."

Nilimwambia, "Tuweke dawa kwanza."

"Dawa kwa maji ya robine? Yaya, we utaweka dawa hata kwa mvua."

Akacheka. Mimi pia nikacheka. Akachota kikombe cha pili, akakinywa nikimtazama, mpaka mwisho.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilinifunga mdomo. Hakuna aliyenitisha. Kikwembe hakikuwa kitu. Nadhani ilikuwa aibu ndogo tu, ya kusema, mdogo wangu, yale maji niliyabeba mimi kichwani ili tupigwe picha. Nilijiambia sisi wote tumekua kwa maji ya ziwa. Nilijiambia kesho nitamwaga bidoni kimya kimya. Na kweli Jumapili niliimwaga.

Jumatatu asubuhi akaanza kuhara, halafu kutapika. Nilimpakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na mimi, nikimshikilia. Kwenye hema za kipindupindu muuguzi alimwekea serumu ya mshipani mikono yote miwili, akaniuliza, "Alikunywa maji gani?"

Nikajibu, "Alitoka Lulimba, alifika juzi."

Ni neno la kweli. Muuguzi aliliandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko neno hilo la kweli.

Mtoto alinyamaza tumboni siku hiyo hiyo. Daktari alisikiliza, akasikiliza tena, akatoa vyombo masikioni. Mdogo wangu aliishi mpaka Jumanne saa sita mchana. Macho yalikuwa yameingia ndani, sauti yake imebaki kama ya mtoto. Aliomba maji. Muuguzi alimpa yale ya chumvi na sukari, akayakataa kwa kichwa. "Yaya," aliniambia, "ile ya robine."

Hawakuturuhusu kusafirisha mwili. Tulimzika Baraka, wachache. Mama aliteremka kutoka Fizi, shemeji akafika kutoka Lulimba siku iliyofuata, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Neno langu lilikuwa limekwisha kutembea. Mama hakumpa hata mkono.

"Ulimuacha mutoto wangu akunywe maji ya mashimo."

"Mama, tulikuwa tunachemsha. Kila siku tulichemsha."

"Ndiyo maana amekufa."

Shemeji akanigeukia mbele ya watu wote. "Yaya, alifika muzima, sivyo?"

Nikasema, "Alifika."

Alingoja niongeze kitu. Sikuongeza. Wazee wa kwetu wakamtoza mbuzi wawili kwa kumpoteza binti yetu, mmoja hapo hapo, wa pili siku ya kumaliza kilio. Hakubishana. Siku nyingine bado namwona moyoni alivyokaa, mikono katikati ya magoti, mtu aliyeuza mahindi mabichi ili mke wake asife.

Mashine haikuja. Robine zilitoa hewa, kisha hata hewa zikaacha. Hiyo ndiyo Baraka iliyotajwa redioni. Baada ya siku ile sokoni nilishindwa kuuza kwa wiki nzima. Mimi niliishia mwaka wa pili wa sekondari, mambo ya deni la nchi siyajui, sijui wanalipima vipi wala wanaligawa vipi. Nilikuwa nafikiri tu juu ya yule mtoto. Kama kweli wamempa fungu, ni fungu la maji yaliyomuua, na mimi ndiye niliyeyapandisha. Na mtu wa kulipa amekwisha kupatikana, yuko Lulimba anatafuta mbuzi wa pili.

Kumaliza kilio kulifanyika Fizi, Jumamosi, nyumbani kwa mama. Nilipanda na pikipiki, kikwembe kile nimekikunja ndani ya mfuko. Shemeji alikuwa amefika, mbuzi amefungwa kwenye mguu wa meza. Kabla wazee hawajasema neno lao nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakapotea.

"Mama," nikasema, "si Lulimba. Maji aliyokunywa ni yale niliyobeba mimi."

Walifikiri ni kilio kimenipanda kichwani. Shangazi mmoja alinivuta mkono nikae. Nikatoa kikwembe, nikakiweka chini, nikaeleza yote: Alhamisi, ziwa, tangi, ngoma, kikombe cha pili, muuguzi. Ilichukua muda.

Baba mdogo ndiye aliyeanza kusema. "Sasa mbuzi huyu tumutoze nani? Serikali?" Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamaza haraka.

Mama alikuwa anaangalia kile kikwembe. "Ulijua maji ile ni ya ziwa," aliuliza, "na alikunywa mbele yako?"

"Kikombe cha kwanza nilikuta amekunywa. Cha pili, mbele yangu."

"Na ulicheza."

"Nilicheza, mama."

Aliinuka polepole, anavyoinuka siku hizi kwa ajili ya magoti. Akaenda kwenye meza, akafungua kamba, fundo likamsumbua, akalivuta kwa meno. Akamwekea shemeji kamba mkononi. "Mwanangu," alimwambia.

Shemeji akasimama, na alipofika karibu yangu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ile siku nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mbele ya batu."

Akatoka na mbuzi wake, akashika njia ya Lulimba kwa miguu. Sisi tuliobaki tulikula kile kilichokuwa kimepikwa, sombe ya majani ya mihogo na bugali, kwa kuwa kilio lazima kimalizwe.

Mama hakunifukuza. Hakunitukana hata siku moja, na sikusikia kwamba amenisema kwa watu. Mwezi uliopita alishuka Baraka kutibiwa macho, akalala kwangu siku tatu. Nilimpikia ndagala, dagaa wa ziwa, anaowapenda. Nilichemsha maji mbele yake mpaka yakatokota, nikayaacha yapoe, nikaweka dawa, nikahesabu matone kwa sauti ili asikie, nikamtilia katika kikombe na kumpa kwa mikono miwili.

"Aksanti, mwanangu," alisema.

Akakiweka chini karibu na mguu wake, akavuta kapu lake, akatoa bidoni ndogo ya mafuta iliyooshwa vizuri, yenye maji aliyoyachota Fizi na kuyabeba njia yote juu ya mapaja. Akanywa hayo. Siku zote tatu alikunywa hayo, kidogo kidogo, ili yamtoshe.