Soketi Niliyokataa Kumtilia Dada

Dada yangu alinipita miaka tisa, na ndiye aliyenishikilia nisomee ufundi wa stima wakati mimi nilitaka kuacha. Mama alipopooza upande mmoja na sauti ikampotea, dada alimchukua akakaa naye kwake Muyeye. Mimi nilikuwa napita siku za Ijumaa baada ya sala, nakula, naondoka.

Ijumaa moja nilimkuta ameegemea mlango wa jikoni, kajishika kiuno.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ndugu yangu, nitilie soketi mle chooni. Huku kubeba sufuria ya maji moto kutoka jikoni kutanimaliza. Nikiwa na soketi nitachovya hita kwenye ndoo mle mle, mama aoge, basi."

Niliingia nikatazama. Chumba chembamba, birika la maji pembeni, sakafu isiyokauka. Tulivyofundishwa, soketi ya kawaida haitiwi bafuni ila ikiwa mita tatu au zaidi kutoka mahali pa kuogea, na chumba kile chote hakikufika mita mbili.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Sheria hairuhusu."

"Sheria gani, ndani ya nyumba yangu mwenyewe?"

"Sheria ya stima. Si salama, dada."

Alinitazama akingoja niendelee. Ningemwambia kwamba mwili uliolowa hupitisha stima upesi kuliko mkavu, na kwamba anayesimama pekupeku kwenye maji huwa yeye ndiye njia ya stima kwenda ardhini. Lakini nilikuwa na kazi hotelini, nimeahidi kufika saa nane. Nikavaa viatu.

"Haya bwana," alisema, akacheka kidogo. "Fundi wa hoteli hana haja na sisi."

Haikufika wiki mbili, jirani yake alinipigia simu asubuhi. "Njoo," alisema, akakata simu.

Kwa kuwa sikumtilia soketi, dada alikuwa amevuta waya wa ekstensheni kutoka chumba cha kulala, akaupitisha chini ya mlango wa chooni. Alichovya hita ndooni, akamkalisha mama kwenye kiti cha plastiki, kisha akatia mkono kuonja joto la maji kabla ya kuzima, stima ikamshika. Mama alikuwa hatua moja kutoka kwake. Hakuweza kusimama, wala kuita. Alichoweza ni kugonga kopo ukutani kwa ule mkono wake mzima, akagonga mpaka jirani akasikia. Jirani yule alikuwa na busara ya kuzima swichi kuu kwanza kabla ya kumgusa dada. Lakini dada alikuwa keshakwenda.

Tulimzika alasiri ile ile. Matangani mjomba alinishika bega. "Si wewe ulimkataza? Basi huna lawama."

Kumkataza, nilimkataza. Kumweleza sikumweleza, na njia nyingine sikumwonyesha, nayo ilikuwapo.

Wiki iliyofuata niliitengeneza njia hiyo. Nilifunga tangi la kupashia maji kwenye ukuta wa jikoni kwa dada, nikatia waya wa ardhini na kifaa kinachokata stima mara tu inapovuja, nikapeleka bomba mpaka chooni. Kazi ya nusu siku. Mke wangu alimleta mama aoge. Nilipofungua bomba mvuke ukapanda, na mama alipouona alifumba macho, akang'ang'ania fremu ya mlango asiingizwe. Hatukumlazimisha. Mpaka leo huogeshwa kwa maji baridi.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja wa Tezo aliniita nimtilie soketi bafuni, ya mashine ya kufulia. Niliweka mkoba chini, nikaomba kiti, nikamweleza yote pole pole, tena nikamwonyesha pale nje ya mlango ambapo mashine ingekaa vizuri. Chai aliyonipa ilipoa.

"Wateja wako wote huwaeleza hivi?" aliniuliza.

"Siku hizi, ndiyo," nikamjibu, nikafungua mkoba nianze kazi.