Hodi Tatu Kwenye Mafunjo

Rafiki, juzi mtu aligonga ubavu wa mtumbwi wangu kwa vidole, mara tatu, taratibu, kama anayebisha mlangoni kwa watu. Kafi lilitaka kunitoka mkononi.

Mimi siku hizi natembeza wageni kwenye kinamasi kilicho chini ya vilima vya Nyakiriba. Ni hifadhi sasa. Kuna kibao, kuna mlinzi mwenye filimbi, na kila anayepanda mtumbwi anavalishwa jile ya kuelea ya rangi ya chungwa hadi anafanana na karoti. Naipenda kazi hii, sikufichi. Shule niliiachia njiani, lakini majina ya ndege wote wa pale nayajua, na mengine nimeyatunga mwenyewe.

Nilipokuwa mtoto hapakuwa na kibao. Kulikuwa na bibi yangu na mtumbwi wake mweusi wa mti mmoja, unaovuja nyuma. Bibi alikata mafunjo kwa mundu, akayaanika, akasuka mikeka, na asubuhi akaivusha mpaka pale Petite Barrière kwenda kuiuza Goma. Kazi yangu ilikuwa kutoa maji mtumbwini kwa kopo la maziwa ya unga. Tulibeba viazi vitamu vya kuchemsha, vimefungwa kwenye jani la mgomba, na sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwani, kwenye kitambaa. Mpaka leo nikisikia harufu ya tope na jani la mgomba vikichanganyika, njaa inanishika hata kama nimetoka kula.

Ndani kabisa ya mafunjo waliishi misambi wawili, wale korongo wenye taji la dhahabu kichwani. Kabla ya kuingia kwao, bibi aliweka mundu chini na kugonga ubavu wa mtumbwi mara tatu.

“Nyumba ya watu tunapiga hodi,” alisema, “na hii ni nyumba pia. Hodi ni tatu. Ukijibiwa, unaingia. Usipojibiwa, unarudi, hata kama umetoka mbali.”

Misambi walikuwa wanajibu, haki ya Mungu. Walipaza ile sauti yao ya tarumbeta iliyopata mafua, wakasogea pembeni hatua mbili, wakaendelea kula. Miaka na miaka ya kugongewa ilikuwa imewatoa woga. Bibi alikata upande mmoja tu, wa kiota hakuugusa.

Sasa, jirani yetu alikuwa fundi cherehani mwenye Kiswahili cha Goma. Mtu wa vichekesho, mkasi shingoni kama daktari na vipimo vyake. Alinipa vitambaa vilivyobaki, nikawashonea wanasesere wangu, ndio watoto wangu, magauni. Nilimpenda sana, na hilo ndilo linaloniuma. Siku moja akaniuliza, huku anatunga uzi:

“We ka-mama, bibi yako anafanyaka namna gani, ndege hawamukimbie?”

“Ni siri, fundi.”

“Aa! Siri gani ya kumuficha mimi? Nani alivalisha batoto yako? Si mimi?”

Nikajiona mkubwa. Nikagonga meza ya cherehani yake mara tatu. Nikamwonyesha hata ukubwa wa nafasi kati ya pigo na pigo.

Wiki ile ile aliazima mtumbwi kwa mvuvi, akaenda, akabisha hodi. Misambi wakajibu. Akawatupia shuka.

Mimi niliwakuta uani kwake, wamefungwa miguu kwa utepe wa kanzu. Alikuwa anawakata manyoya ya mabawa kwa mkasi uleule wa kukatia magauni ya wanasesere wangu. Kruu, kruu, kruu, mkasi ulilia. Kuna tajiri mwenye villa kando ya ziwa alitaka pambo la bustani. Fundi akaniona, akacheka bila ubaya wowote, akanipa unyoya mmoja.

“Chukua, hii yako. Bila wewe ningewapatia wapi?”

Bibi hakunichapa. Laiti angenichapa. Aliutazama ule unyoya, akasema, “Ni mi nilikufundisha mapema mno,” kisha akautundika mundu ukutani. Hakuingia kinamasini tena. Mafunjo alianza kuyachukua kwa wengine, mikeka ikapungua, mtumbwi ukaoza pwani, na mwisho bibi naye akaondoka duniani. Wale misambi niliwaona kwenye uzio wa villa nikienda shule, wanatembea kwenye majani mafupi kama watu waliosahau walichotumwa. Siku moja akabaki mmoja. Baadaye hata huyo sikumwona.

Nilimlipizia fundi kisasi kichwani mwangu kila siku. Niliota nimekuwa rubani, natua juu ya paa lake na ndege nzima. Niliota nimekuwa jaji, namhukumu atembee na taji la mabua sokoni. Unacheka? Mimi pia nilicheka, lakini sikuwahi kusahau.

Basi juzi akaja. Fimbo mkononi, mjukuu wake wa kike amemshika kiwiko. Hakunitambua, au alijifanya.

“Mama, unipeleke kwa misambi,” alisema. “Docteur anasema macho yangu inaisha. Sindano ya kushona imeyamaliza. Nataka niwaone mara moja tu mbele ya macho kufungika.”

Nikamfunga jile. Nikapiga kafi. Nikawapeleka mpaka ndani kabisa, maana misambi wamerudi tangu pawe hifadhi, na najua wanapolala. Pale fundi akanyoosha mkono, akagonga mara tatu. Nafasi kati ya pigo na pigo ilikuwa ileile niliyompa mimi.

Kimya. Na mimi niliwaona, rafiki. Walikuwa watatu, hatua kumi tu, na kifaranga mmoja wa rangi ya mchanga. Mjukuu alikuwa ametazama upande mwingine, anachezea maji.

“Iko?” fundi akauliza. Uso wake umeelekea palepale walipo, macho meupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji.

“Hakuna, fundi. Hodi ni tatu. Hawajajibu. Turudi.”

Nikageuza mtumbwi. Nisikudanganye, ilikuwa tamu. Tamu kuliko viazi vya bibi.

Hatujafika mbali, nyuma yetu ikapigwa ile tarumbeta yenye mafua. Mara moja, kisha tena, kisha wote kwa pamoja.

Fundi akainua kichwa. “Wamejibu,” alisema polepole. Halafu: “Wamejibu, ka-mama.”

Kumbe alinijua tangu pwani.

Bibi angegeuza. Akijibiwa, bibi alikuwa anaingia, yeyote yule awe naye mtumbwini. Mimi nilipiga kafi kwa nguvu, hadi maji yakamrukia magotini, na sikupunguza mpaka mtumbwi ukagusa mchanga. Alishuka, akanishukuru kwa Kinyarwanda, lugha yetu ya nyumbani, akaenda na mjukuu wake, anahesabu njia kwa fimbo.

Akija tena nitamwambia hivyo hivyo, hakuna. Lakini kuna kitu kimenipotea. Jana asubuhi nilifika penye mafunjo peke yangu, nikainua vidole kugonga kama siku zote, vikabaki hewani. Misambi walikuwa palepale, wamenyoosha shingo, wanangoja. Nikashindwa kubisha, nikarudi.