Marehemu na Chumvi ya Mwenyekiti

Deodata wa Bukiriro alimzika mumewe Machi 1979, na kwa kuwa mume mwenyewe hakupatikana, alizika mgomba. Ndiyo mila: mwili ukipotelea mbali, unazika mgomba uliovikwa shuka, unaulilia kama mtu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Pancras, alimsifu shujaa Audax, mwanamgambo aliyefia Uganda, kisha akala sahani tatu za msibani. Wachimba kaburi, kwa uvivu, waliuzika mgomba na mizizi yake. Baada ya miezi miwili marehemu akachipua.

Deodata hakuukata. Aliupalilia, akaumwagia maji ya vyombo, akausimulia habari za siku. Alichokikosa zaidi kwa Audax sicho walichodhani wambea. Alikosa malalamiko yake. Miaka tisa mwanaume yule alionja chakula, akasema, "Deodata, chumvi imezidi," kisha akamaliza sufuria yote.

Oktoba 1980, mkungu umekomaa, Audax akaingia kijijini asubuhi kweupe, amekonda kama mpini, kovu toka sikio hadi kidevu, hasemi neno. Mfukoni alikuwa na karatasi ya hospitali: kombora lilimwangukia karibu, akapoteza usemi. Nani aisome? Watu walishakimbilia migombani.

"Msukule!" alipiga yowe Petronila, mke wa Mwenyekiti. "Wachawi wamemkata ulimi, wanamlimisha mashamba yao!"

"Basi wenzetu wana bahati," alisema jirani Ngeleja kutoka nyuma ya mti. "Shamba letu la ujamaa hata walio hai hawaendi."

Mwenyekiti alikohoa kiserikali. "Huyu nilishamfuta kwenye daftari. Kijiji hakina mwanachama aliyezikwa. Jua lisizame yuko hapa."

Deodata alimshika mumewe mkono. Ulikuwa wa moto.

"Shikamoo Mwenyekiti. Msukule hali chumvi, si ndiyo?"

"Marahaba. Ndiyo, hali."

"Basi tumpe. Akila, ni wangu."

"Chumvi gani, mama? Tangu vita duka la kijiji halina hata punje. Mnajua ninavyosikitika."

"Ipo!" Petronila, kwa woga, alikwishakimbilia nyumbani, akarudi na nusu gunia kichwani. "Mpeni upesi asitudhuru!"

Kijiji kizima kikaacha kumtazama maiti, kikamtazama Mwenyekiti. Sasa aliyekatwa ulimi alikuwa yeye.

Deodata alichukua panga, akaenda kaburini, akaangusha mkungu. Akapika ndizi na maharage, akatia chumvi kama mtu aliyenyimwa mwaka mzima. Audax akatafuna. Akameza. Midomo ikahangaika kama mlango uliovimba kwa mvua.

"De... Deodata. Chumvi imezidi."

"Imezidi!" Deodata aliruka, analia, anacheka, kitenge kinamdondoka. "Jamani mmesikia? Imezidi!"

Vigelegele vilifika Kanazi, kijiji cha jirani. Marsiana, mama yake Audax, alimkumbatia mwanawe hadi sahani ikainama. Ngeleja akawa anagawa chumvi, kila kaya kopo moja, Mwenyekiti akiwa wa mwisho kwenye foleni.

"Ndizi tamu," Audax alisema, pole pole. "Za wapi?"

"Za kaburini kwako, baba. Kula."

Audax akafikiri kidogo, kisha akamaliza sufuria yote.