Alhamdulillah ya Hedifoni

Jamani, chekeni tu, maana mimi mwenyewe nikikumbuka nafunika uso kwa kiganja, ila mniahidi kwamba mkikutana na Rukia wangu hamtamtania.

Kazi yangu ni hotelini hapa Utende, kisiwani Mafia, na ugonjwa wangu ni muziki wa elektroniki, ule wa besi inayotikisa mbavu. Siku hiyo binamu yangu aliyetoka Dar alinipa hedifoni mbili nichague moja, na amplifaya kadogo ka kukuza sauti, ka kutia mfukoni. Ya kwanza iko wazi nyuma: sauti pana, tamu, lakini kuku unawasikia na pikipiki unaisikia. Ya pili imezibwa kabisa, ukiivaa dunia yote imefungiwa nje. Binamu akasema, "Chukua ya wazi, huku kwenu kila hatua salamu." Nikamjibu, "Salamu za huku nazijua kwa kichwa, masikio ya nini?" (Ulimi uliponza kichwa.)

Basi nikachomeka iliyozibwa kwenye amplifaya mfukoni, nikapandisha sauti, nikashuka njia ya pwani kuijaribu. Wallahi ile besi! Nikimwona mtu natoa shikamoo, midomo yake ikicheza najibu salama, nzuri sana, alhamdulillah, na mambo yanakwenda, nikajiona mjanja wa Mafia nzima. Mpaka nikakutana na Mzee Shomari, baba yake Rukia, ambaye Ijumaa ile wazee wangu walikuwa wampelekee posa. Nikamwamkia kwa adabu zote (kumbe kwa kelele, maana sauti yangu mwenyewe siisikii), akaanza kuongea, nami nikamshushia jibu baada ya jibu huku mabega yanafuata besi. Pembeni, akina mama waliokuwa wakifunga mwani kwenye kamba wakaacha kazi. Mzee akageuka, akaenda zake.

Mama Tatu, shangazi yake Rukia, ndiye aliyeichomoa ile hedifoni kichwani kwangu, waya na yote.

"We mwana, umesikia ulichoambiwa?"

"Si salamu, shangazi?"

"Salamu! Kakwambia bibi yake Rukia kaanguka, kateguka mguu. Ukasema alhamdulillah! Akakuuliza, hiyo kwako habari njema? Ukasema nzuri sana! Akasema basi posa msilete. Ukasema inshallah, na mabega unayatikisa!"

Nikampokonya hedifoni, nikakimbia mpaka barazani kwa mzee, akina mama wote nyuma yangu (mwani wameutupa, nani aache tamasha la bure?). Nikapiga magoti, nikaeleza besi, amplifaya, ya wazi na iliyozibwa, machozi yananitoka. Mzee akanyoosha mkono, akaichukua hedifoni, akaivaa, akafumba macho.

"Mzee, nisamehe."

"Alhamdulillah."

"Bibi anaendeleaje?"

"Nzuri sana."

Akina mama hoi, mmoja kalala chini kwa kicheko. Mimi nikaona mzee kashazama kwenye muziki, hanisikii, nikajitosa.

"Na Ijumaa tuje na posa?"

"Inshallah."

Vigelegele! Nami nikaruka juu, najisifu moyoni kwamba nimemwotea, mpaka nilipouona ule waya unaning'inia kifuani kwake, haujachomekwa popote. Amplifaya ilikuwa mfukoni mwangu, na mzee alisikia kila neno.

Akafumbua jicho moja. "Mje na dawa ya kuchua ya bibi yake Rukia."

Tangu siku hiyo navaa ya wazi, besi ikipungua na ipungue, na nikimwona mkwe wangu hata kwa mbali, naivua kabisa.