Wabebaji Wanne wa Vestine

Siku yangu ya kwanza kwenye kituo cha afya, nje kidogo ya Gisenyi, titulaire, yaani mkuu wa kituo, alinikabidhi daftari, kalamu na kiti. Kiti nilikipenda papo hapo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nimerudi kutoka Tanzania na cheti cha sekondari, na mimi tangu utoto ni mtu wa kukaa ndani.

Kazi yangu ilikuwa kuandika na kila mjamzito mpango wake wa kuzaa: atazalia wapi, nani atabaki na watoto, na akina nani watabeba ingobyi, ile machela ya kusukwa tunayoweka mabegani.

"Kila mpango, uende ukauhakikishe kwake nyumbani," titulaire aliniagiza.

Nikaitikia. Kisha nikakaa.

Vestine wa Nyakiriba alikuwa na kovu: mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, kwa hiyo wa pili ilikuwa lazima azaliwe hospitali. Mpango wake niliuandika kwa mwandiko wa kuringia. Wabebaji: mumewe na majirani watatu. Wanaume wa nguvu!

Uchungu ukamshika asubuhi, siku ya soko. Mama mkwe wake akakimbia kuwaita wale wanne. Wote walishavuka mpaka, wako Goma wanauza karoti.

Kwenye saa tano nikasikia kelele barabarani. Ingobyi inakuja, na chini yake wanawake wanne, mama mkwe mbele, vitenge wamevikaza kiunoni. Kwetu ingobyi ni kazi ya wanaume. Watu walitoka madukani kushangaa.

"We mama wa kiti!" mama mkwe alinifokea, anahema. "Bwana yake iko Goma kila siku ya soko! Kilima yote inajua. Ungeuliza hata mbuzi!"

Titulaire alimpima Vestine haraka, akaita gari la kwenda hospitali. "Bon," akaniambia bila kunitazama, "na wewe panda. Kiti kitakungoja."

Saa nane mtoto alitolewa salama, msichana, analia kwa sauti ileile ya bibi yake.

Baada ya hapo nilipanda vilima hadi Nyundo, nikiongeza swali moja kwa kila mbebaji: siku ya soko uko wapi? Viatu viliisha. Kiti alikirithi mwingine.

Sasa nimestaafu. Juzi binti yangu, mwenye mimba ya pili, kaniletea mpango wake niukague. Penye mtu wa kubaki na mtoto, kaandika mimi.

"Na siku ya soko, mama, utakuwa wapi?" akauliza, anacheka.

Nikamwonyesha kiti.