Siku Mama Alipopima Gari la Baba

Baba alipostaafu wizarani alinunua gari la michezo kuukuu, jekundu, la milango miwili, ambalo hakuna mtu nyumbani aliyelihitaji. Aliliendesha miaka minne kwa raha zake, kisha akafariki, likabaki kwangu. Nililipenda, ila nyuma lilitaka kwenda upande wake. Nikikanyaga breki, mkia unahama. Tairi la nyuma la kulia lililika ukingo wa ndani mpaka nyuzi zikaonekana. Mama aliapa hatalipanda hadi linyooke.

Fundi wetu wa Nyakabiga, Muislamu mpole aliyezaliwa mtaa huohuo, alikuwa amelirekebisha mara mbili bila mafanikio. Jumamosi ile mama alinifuata garaji kuona kama hatuchezewi. Alimkuta fundi amevuta kamba pande zote mbili za gari, anapima kutoka kwenye kamba hadi kwenye rimu, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Vipimo vilikuwa sawa kabisa. Tulikwenda kulijaribu, tukarudi, na mkia ulikuwa uleule. Fundi akakaa juu ya tairi, akasema labda gari linamtafuta mwenyewe.

Mama, mshonaji wa miaka arobaini, akamwuliza kamba ameziweka kwa kufuata nini. Akajibu kwamba amefuata bodi.

"Apana, fundi," mama akasema. "Mi nikipima mutu juu ya koti, nguo haitamukaa. Ubavu huu umejazwa mastiki ya kuziba bonde. Baba ya huyu aliugonga kwenye geti wiki ya kwanza."

Nilimgeukia. Sikuwahi kusikia habari hiyo.

"Alinikataza kukuambia," akasema.

Fundi alicheka mpaka akashika magoti, kisha akafanya kazi upya. Aliingia uvunguni na timazi, uzi wenye kizito chini, akaidondosha kutoka sehemu zinazolingana za fremu ya chuma, pande zote mbili, mama akitia alama sakafuni kwa chaki yake ya kushonea. Kutokana na alama hizo wakapata mstari wa katikati, wakazipanga kamba kwa kuufuata huo. Ukweli ukaonekana: gurudumu la kulia lilikuwa limetazama nje, karibu upana wa kidole. Fundi alilegeza boliti ya mkono wa nyuma unaoshika gurudumu hilo, akaizungusha kidogo kidogo, mama akisoma futi yake ya kitambaa, mpaka akasema basi.

Nilibadilisha tairi, tukashika njia ya Kibenga. Mama alikaa mbele, fundi amejikunja nyuma, magoti kidevuni. Penye barabara tupu nikaachia usukani kidogo, kisha nikafunga breki. Gari likasimama limenyooka.

Mama alianza kusimulia jinsi baba alivyoingia sebuleni ameshika kipande cha taa, akidai geti limesogea. Tulicheka njia nzima, hadi fundi akatuomba kwa adabu tugeuze, asije akakosa swala ya adhuhuri.